Haki za Jirani: Sera ya Nje Ikitazamwa Kutoka Tunduma

Tarehe 19 Mei 2025, jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua toleo jipya la Sera ya Mambo ya Nje ya Tanzania. Katika hafla hiyo hiyo aliwaonya wanaharakati wa nchi jirani wasije kuingilia mambo ya Tanzania, na akavitaka vyombo vya ulinzi na usalama visiwape nafasi. Siku moja kabla, Martha Karua, mwanasheria na mwanasiasa wa Kenya, alikuwa amezuiwa kuingia nchini alipokuja kufuatilia kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu. Siku ya hotuba yenyewe, wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, waliokuja kwa jambo hilo hilo, walikamatwa. Siku chache baadaye kila mmoja aliachwa karibu na mpaka wa nchi yake, na wote wawili walieleza kwamba waliteswa, madai ambayo Polisi hawakuyakubali.

Sera ya nje ilizinduliwa na swali lake gumu kuliko yote likajitokeza siku hiyo hiyo. Je, nchi moja, au raia wake, ina haki ya kudai kwamba watu wa nchi nyingine wasiteswe, wasifungwe bila kosa, wapige kura na kura zihesabiwe? Na kama haki hiyo ipo, idaiwe vipi hata dai lizae matunda? Tumezoea kulijadili swali hili kama ugomvi wa Washington au Brussels na serikali zetu. Kwangu mimi, mahali pazuri zaidi pa kulitazamia ni Tunduma.

Tunduma ni mji wa malori. Shaba ya Zambia na Kongo hupita hapo kwenda bandari ya Dar es Salaam, na mafuta, mbolea na bidhaa za dukani hupita kwenda kusini. Foleni ikizidi hurudi nyuma kuelekea Mpemba, na madereva hulala chini ya magari yao. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na wengi wana shamba upande mmoja na wakwe upande wa pili. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kuwekwa makao makuu Vwawa, unapakana na Zambia na Malawi kwa pamoja. Serikali mbili zikikosana, wakala wa forodha, mama lishe na kijana wa kubadilisha kwacha wanajua siku ile ile.

Lakini sababu kubwa ya kuanzia hapo ni ya kihistoria. Sijui mji mwingine nchini ambao maisha yake yametokana na sera ya kutetea haki za watu wa nchi nyingine kama Tunduma. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia ili Waafrika walio wengi wasitawale. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kwamba nchi wanachama zivunje uhusiano na Uingereza iwapo haitauvunja uasi ule. Nchi nyingi zilisita. Tanzania ilivunja uhusiano tarehe 15 Desemba, ikapoteza mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kuandaliwa. Kwa nchi maskini yenye uhuru wa miaka minne, hiyo ilikuwa fedha nyingi sana.

Zambia ilibanwa zaidi. Mafuta yake, makaa yake na reli yake vyote vilipitia kusini, mikononi mwa Smith. Njia iliyobaki ilikuwa barabara ya vumbi na matope kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea mpaka Copperbelt. Mapipa ya petroli yalipakiwa kwenye malori yakapita humo, masika na kiangazi, na madereva wengi walifia njiani. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi. Barabara ikajengwa kwa lami. Benki ya Dunia ilikuwa imesema reli haitalipa, hivyo Rais Nyerere wa Tanzania na Rais Kaunda wa Zambia wakaenda China, na mkataba ukatiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. Ujenzi ulianza mwaka 1970, mataruma yakavuka mpaka Tunduma mwaka 1973, na mwezi Julai 1976 reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi. Bomba, lami na reli vyote vilijengwa ili Zambia iweze kuukataa ubaguzi bila kufa njaa.

Naisimulia hadithi hii kwa kirefu kwa sababu inaonyesha kitu ambacho hotuba za haki za binadamu hukificha: bei. Mwezi Januari 1973 Smith aliufunga mpaka wake na Zambia. Baadaye alitaka kuufungua. Kaunda akakataa, akaufunga upande wake kwa zaidi ya miaka mitano. Mwezi Oktoba 1978 alilazimika kuifungua tena njia ya kusini, kwa kuwa bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imeelemewa, TAZARA ilikuwa na upungufu wa injini, na mbolea ya msimu ilikuwa imekwama. Nyerere hakupendezwa, lakini mwenye njaa hakuwa yeye. Na mwezi Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua madaraja ya mto Chambeshi, reli ikakatika. Mwaka uliofuata Zimbabwe ilipata uhuru wake.

Kwa hiyo Mtanzania anaposema kwamba haki za binadamu za nchi jirani hazimhusu, anaikana sehemu bora kabisa ya historia ya taifa lake. Mwaka 1961, kabla hata ya uhuru, Nyerere aliandika kwamba Tanganyika haiwezi kujiunga na Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini ya ubaguzi itabaki ndani. Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994. Mwaka 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, uamuzi unaobishaniwa mpaka leo. Mwaka 1975 ilikataa kwenda Kampala kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliokuwa chini ya uenyekiti wa Idi Amin, ikahoji kwa nini Afrika inalaani mauaji yanayofanywa na weupe na kunyamazia yanayofanywa na weusi. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala. Yalianza kwa kujibu uvamizi wa Amin huko Kagera, ni kweli, lakini hayakuishia mpakani.

Ila historia hiyo ina doa, na asiyelisema hatendi haki. Nchi hizi mbili zilizolipa gharama kubwa kwa ajili ya uhuru wa majirani ziliendesha siasa za chama kimoja nyumbani, Tanzania tangu 1965 na Zambia tangu miaka ya mwanzo ya sabini. Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi tangu mwaka 1962. Mfano unaoniuma zaidi ni wa wapigania uhuru wa Namibia. Mwaka 1976 wanachama wa SWAPO waliohoji uongozi wao nchini Zambia walikamatwa kwa mamia, na mawakili walipokwenda mahakamani kudai waachiwe, viongozi wao, akiwemo Andreas Shipanga, walihamishiwa Tanzania ambako mahakama zisingewafikia. Walikaa gerezani hadi 1978. Undugu wa Dar es Salaam na Lusaka uliosafirisha mafuta ya ukombozi ulisafirisha pia wafungwa wasio na hukumu.

Katika miaka hiyo haki ilieleweka kama haki ya taifa kujitawala, na ilipatikana. Haki ya mtu mmoja mbele ya serikali yake mwenyewe ilisubirishwa, na sehemu kubwa ya ubishi wa leo unatokana na deni hilo.

Ukitoka Tunduma ukaenda upande wa Ileje unafika mto Songwe, na ng'ambo yake ni Malawi. Huko kuna mfano wa aina nyingine. Rais Kamuzu Banda alifungua uhusiano wa kibalozi na makaburu wa Afrika Kusini mwaka 1967, akajifanya rais wa maisha mwaka 1971, na wapinzani wake wengi walikimbilia Tanzania na Zambia. Tanzania iliwapa hifadhi. Baadhi walijaribu silaha: Yatuta Chisiza aliongoza kikosi kidogo kuingia Malawi mwezi Oktoba 1967 akauawa. Orton Chirwa, mwanasheria aliyeishi Dar es Salaam kwa miaka mingi, alinaswa pamoja na mkewe Vera mwaka 1981 mpakani mwa Zambia na Malawi, akahukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha, na akafia gereza la Zomba mwezi Oktoba 1992. Kwa karibu miaka thelathini hifadhi ya Tanzania iliokoa watu, lakini haikuibadilisha Malawi. Nchi za Magharibi nazo zilimwacha Banda atawale, kwa kuwa alikuwa mpinzani wa ukomunisti.

Mwaka 1992 mambo yaligeuka kwa kasi. Mwezi Machi maaskofu Wakatoliki walitoa waraka uliosomwa makanisani ukitaja wazi hofu na uonevu. Mwezi Aprili Chakufwa Chihana, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alirudi nyumbani akijua atakamatwa, akakamatwa. Mwezi Mei wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada mipya isipokuwa ile ya kibinadamu. Mwezi Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni, karibu theluthi mbili wakachagua vyama vingi, na Mei 1994 Banda alishindwa na Bakili Muluzi. Tazama mfuatano wa matukio. Kelele zilianza kanisani na mitaani, ndipo fedha zikazuiwa. Wafadhili hawakuzaa demokrasia ya Malawi. Walikata kamba iliyokuwa imekwisha kulegezwa na Wamalawi wenyewe, na kamba hiyo ilikuwa nyembamba kwa sababu bajeti ya Banda ilitegemea mno misaada.

Jaribu kuupima mfano huo Tanzania na utaona unapungua nguvu. Mwezi Machi 2016, baada ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na malalamiko juu ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, shirika la Marekani la MCC lilisimamisha mpango wa dola milioni 472. Serikali ilijibu kwamba itajitegemea, na matokeo ya Zanzibar yakabaki yale yale. Mwaka 2018 Denmark ilizuia sehemu ya misaada yake. Benki ya Dunia ilichelewesha mkopo wa elimu wa dola milioni 500 kwa sababu wasichana wajawazito walikuwa wakifukuzwa shule, kisha ikauidhinisha mwezi Machi 2020 kabla amri ya kuwafukuza haijafutwa. Ilifutwa Novemba 2021, baada ya Ikulu kupata rais mwingine, na baada ya miaka ya kazi ya mashirika ya wanawake hapa hapa nchini.

Shinikizo la fedha lina kasoro tatu, nami nazipanga kwa uzito. Kwanza, linamwumiza asiyehusika. Mwaka 2025 Marekani ilipoisimamisha misaada yake na kisha kulifuta shirika lake la misaada, kwa sababu zake yenyewe zisizohusu haki za mtu yeyote hapa, waliohangaika ni wagonjwa na wahudumu wa afya. Nyanda za Juu Kusini zimetegemea fedha hizo katika huduma za VVU kwa miaka mingi. Pili, linampa mtawala vazi la mzalendo. Tatu, halina kipimo kimoja: anayebanwa leo kwa kura husamehewa kesho kwa madini. Vijana wa Songwe wanaliona hilo vizuri sana, na ndiyo maana tamko la ubalozi haliwasisimui tena.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema sauti ya nje haina maana kabisa. Mfano uko Vwawa. Mwezi Mei 2019 Mdude Nyagali, mwanaharakati wa CHADEMA, chama cha Lissu, alichukuliwa na watu wasiojulikana akiwa Vwawa. Habari zikaenea ndani na nje ya nchi, na siku chache baadaye alipatikana mkoani Mbeya akiwa hai, amejeruhiwa vibaya. Siwezi kudai kwamba kelele ndizo zilizomrudisha. Mwezi Mei 2025 alichukuliwa tena, safari hii nyumbani kwake Mbeya, na miezi ikapita bila kuonekana. Ndugu wa mtu aliyepotea hawaulizi kama anayepaza sauti ni Mtanzania au Mkenya. Wanataka apaze.

Sasa tuvuke kwenda Nakonde, maana hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mwezi Aprili 2017 Hakainde Hichilema, wakati huo kiongozi wa upinzani Zambia, alikamatwa akashtakiwa kwa uhaini baada ya msafara wake kudaiwa kutoupisha msafara wa Rais Edgar Lungu. Alikaa mahabusu miezi minne. Mwezi Mei, Mmusi Maimane, kiongozi wa upinzani Afrika Kusini, alizuiwa uwanja wa ndege wa Lusaka alipokuja kuhudhuria kesi hiyo, sawasawa na yaliyomkuta Karua Dar es Salaam miaka minane baadaye. Jumuiya ya Madola iliingia kati, na mwezi Agosti mashtaka yakaondolewa. Miaka minne baadaye Hichilema alimshinda Lungu kwa kura. Rais wa leo wa Zambia anajua kwa mwili wake thamani ya mgeni anayekuja kuuliza, "Huyu amefanya nini?"

Mwezi Agosti 2023 Nevers Mumba, Mzambia aliyeongoza waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo ya Nchi za Kusini mwa Afrika (SADC), alisema wazi kwamba uchaguzi wa Zimbabwe haukufikia viwango vya katiba ya nchi hiyo wala vya SADC. Harare ilimshambulia kwa maneno makali. Hichilema hakwenda kwenye kuapishwa kwa Rais Mnangagwa wa Zimbabwe.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania. Lissu alikuwa gerezani, chama chake kimezuiwa kushiriki, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo ameenguliwa. Maandamano yalizuka miji mingi, Tunduma ikiwemo, intaneti ilizimwa nchi nzima, risasi zilipigwa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema inaaminika mamia ya watu waliuawa. Matokeo yakatangazwa: asilimia 97.66 kwa Rais Samia. Tarehe 3 Novemba waangalizi wa SADC walisema wapiga kura katika maeneo mengi hawakuweza kuonyesha utashi wao wa kidemokrasia. Siku mbili baadaye waangalizi wa Umoja wa Afrika nao wakasema uchaguzi haukukidhi misingi ya umoja huo. Lugha ya namna hiyo kutoka vyombo hivyo ni nadra. Lakini siku ile ile SADC ilipotoa tamko lake, Rais aliapishwa Dodoma, na Hichilema alikuwa miongoni mwa marais wachache waliohudhuria.

Kwa nini alikaa mbali na Harare akaja Dodoma? Siwezi kuingia moyoni mwake, ila ramani inasema mengi. Zambia haina bahari. Sehemu kubwa ya mafuta yake inatoka Dar es Salaam, na katika mwaka huo huo nchi hizo mbili zilikuwa zinakamilisha mpango wa kuikarabati TAZARA na kampuni ya China kwa dola bilioni 1.4. Reli iliyojengwa ili Zambia isilazimike kunyamaza mbele ya Smith sasa inaifanya iwe na tahadhari mbele ya Dodoma. Naweza kuielewa tahadhari hiyo. Kuikubali siwezi, kwa kuwa utegemezi huo unakwenda pande zote mbili: mizigo ya Zambia na Kongo ndiyo inayoilisha bandari ya Dar es Salaam, na njia ya Lobito kupitia Angola inafufuliwa kwa fedha za Magharibi. Mwenye mzigo ana neno, akitaka kulisema.

Wala tusidanganyane kwamba sisi na majirani wetu hatujui kutumia mpaka kama silaha. Mwezi Mei 2020 Lungu aliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya UVIKO-19, na Tunduma ikasimama. Mwezi Aprili 2025 Tanzania ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi na ndizi za Tanzania, na Afrika Kusini nayo ilikuwa imezuia ndizi hizo. Ndani ya siku chache pande zikakaa mezani. Ndizi zilipata utetezi wa mawaziri kwa wiki moja. Sisemi mipaka ifungwe kwa ajili ya siasa. Watakaolala njaa ni wale wale wa Tunduma na Nakonde. Nasema tu kwamba uwezo wa kuzungumza kwa uzito upo, na unapotumika hujibiwa haraka.

Hoja ya kutoingiliana haina nguvu inayopewa. Mkataba wa SADC wa mwaka 1992, ambao Tanzania iliutia saini kwa hiari, unataja haki za binadamu, demokrasia na utawala wa sheria kuwa misingi ya jumuiya. Waangalizi wanaalikwa kwa barua rasmi. Anayemwalika mgeni akague nyumba hawezi kumwita mvamizi anaposema paa linavuja. Tatizo la kweli ni kwamba jumuiya zetu zilijenga milango na kisha zikaifunga. Mahakama ya SADC kule Windhoek ilisimamishwa mwaka 2010 baada ya kuihukumu Zimbabwe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha, kwenye ardhi yetu. Mwaka 2013 ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila juu ya mgombea binafsi, na hukumu hiyo haijatekelezwa. Mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia na mashirika kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Hata mkulima wa Momba aliyenyang'anywa haki yake hana tena njia ya kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja akishamaliza mahakama za nyumbani.

Hapo ndipo ningeanzia kama ningeulizwa sera mpya ya mambo ya nje ifanye nini. Tamko lile linaweza kurudishwa kwa barua moja ya waziri. Halihitaji mkopo wala mfadhili. Lingewapa raia mlango wa Kiafrika, na lingepunguza haja ya kupeleka kilio Brussels. Baada ya hapo sauti ya Tanzania juu ya Sudan au Kongo ingesikilizwa kama ile ya mwaka 1965 ilivyosikilizwa, kwa sababu msemaji angekuwa anabeba nyumbani mzigo ule ule anaowataka wengine waubebe.

Zambia nayo ina uchaguzi wake tarehe 13 Agosti 2026. Wapinzani wa huko wanalalamikia sheria mpya za mtandao na mabadiliko ya katiba yaliyopitishwa kwa haraka. Waangalizi wa SADC watakwenda, na Tanzania ni mwanachama. Wakifika Nakonde waulize maswali yale yale ambayo Watanzania wa Tunduma walistahili kuulizwa mwezi Oktoba 2025: nani kazuiwa kugombea na kwa kosa gani, mawakala wa vyama wako wapi kura zinapohesabiwa, polisi wamepewa amri gani, na intaneti itabaki wazi?